Kompyuta Iliyotolewa Vyombo

Siku ya tatu ya msiba wa kaka yangu Nassor, wifi yangu Zuleikha alinifuata pembeni nilipokaa juu ya jamvi, akaniwekea mapajani laptopu ya marehemu. "Hebu itazame wewe," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mie nimeifungua, haina kitu. Kijana wa duka la kompyuta naye kaitazama, anasema imefutika yote. Tukitaka ataisafisha, aweke mambo mapya, wapewe watoto."

Nikaifunua. Kioo kikawaka, kikabaki rangi ya jivu. Hakuna saa, hakuna vijipicha, hakuna mandhari ya bahari wala maua. Jivu tupu, na katikati kialama cheusi cha eksi. Nikairudisha mikono yangu nyuma. Mtu mzima mie, nina watoto wanaonipita urefu, naogopa kioo! Zuleikha akanishika bega akidhani ni huzuni, na huzuni ilikuwepo, isingekosa. Harufu ya ubani ilikuwa ikija kutoka chumba cha pili, na kitanda cha kaka kilikuwa kimesimamishwa ukumbini, kimeegemezwa ukutani. Lakini kilichonitisha kilikuwa cha zamani zaidi ya msiba ule, na nilikuwa nikidhani nimeshakizika.

Nyinyi wa rika langu mtazikumbuka kompyuta za mwanzo mwanzo kuingia majumbani, zile zenye kichogo, ukiiweka mezani meza nzima imekwisha. Ya kwetu Kikwajuni ilitoka Maskati, kwa ami yangu Salum, mdogo wake baba. Huko ofisini kwake ilikuwa imeshachoka, wakaitupa; kwetu ilipokelewa kama bibi harusi. Mama aliishonea kitambaa cha lesi cha kuifunika, na asubuhi akiipangusa kabla hajapangusa kitu kingine chochote. Mwenye amri nayo alikuwa Kaka Nassor, aliyekuwa anamalizia skuli ya sekondari na kujiona profesa. Mie mtoto wa miaka minane ruhusa yangu ilikuwa kukaa juu ya stuli na kutazama, mikono nyuma. "Ukigusa tu, inakurusha," alikuwa akinitisha, na mie nikiamini.

Nilichokuwa nakitazama zaidi ni baba. Ami alikuwa ameitia humo picha ya baba akiwa amevaa kanzu na kofia, anacheka, jino la pembeni linaonekana, na Kaka aliitandaza kioo kizima. Kila kitu kingine kilikaa juu ya baba: vijipicha vya mafaili begani kwake, mstari wa vitufe miguuni, saa kwenye kona. Ukiwasha kompyuta, baba alikuwa wa kwanza kutokea. Na hilo lilikuwa jambo kubwa kwangu, kwa sababu baba mwenyewe hakuwepo. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, alikuwa akipanda ngazi tatu anasimama kuvuta pumzi, na ami alimchukua Maskati akapasuliwe huko. Kila siku baada ya alasiri Kaka alichomoa waya wa simu ya mezani, akauchomeka kwenye kidude kiitwacho modemu, kikalia kwa sauti ya kukwaruza, na imeli ya ami ikaingia. Ami alikuwa mvivu wa kuandika. "Hajambo, anakusalimuni," basi. Lakini tukiisoma wote, na mama akiisoma mara ya pili peke yake.

Sasa hapa lazima nirudi nyuma kidogo, niwasimulie kufa kwa bibi, mama yake mama, maana ndiko nilikoipata elimu yangu. Nilikuwa bado mdogo. Nikarudi kutoka chuoni kusoma Kurani, juzuu yangu kifuani, nikakuta wanaume wanatoa kitanda cha bibi. Kikafuata kabati. Kikafuata kiti chake cha kamba alichokuwa hamruhusu mtu kukikalia. Picha ya babu ikateremshwa ukutani, televisheni ikafunikwa kanga, chumba kikabaki sakafu tupu, na ndipo yakaja majamvi. Nikauliza bibi yuko wapi. "Kapumzika," mama akasema. Jirani yetu Bi Mwanakhamis, mwanamke mnene wa sauti ya kusikika mpaka Michenzani, akasema bibi kasafiri. Nikauliza, mbona vyombo vinatolewa? "Tunasafisha tu, mwanangu."

Kwetu mtoto haambiwi, mnajua wenyewe. Hata mkubwa haambiwi moja kwa moja: kwanza ataambiwa mgonjwa hali yake si nzuri, kisha atakalishwa kitako, atapewa maji, ndipo aambiwe. Basi mie nilijifunza mwenyewe. Vyombo vikitolewa na picha zikateremshwa, kuna mtu kafa, na watu wazima watakutazama usoni wakudanganye. Hakuna aliyenifundisha hivyo na hakuna aliyejua kwamba najua.

Turudi kwenye kompyuta. Umeme wa Unguja wa siku zile ulikuwa na tabia ya kukatika bila kuaga na kurudi kwa kishindo. Siku moja ulirudi, taa ikang'ara ikawa nyeupe pe, na kompyuta ikatoa harufu ya kuungua. Haikufa kabisa, lakini ikawa haiendi. Ukiiwasha, baba alitokea kichwa na mabega, halafu kila kitu kinaganda, na ndani yake kunasikika mkoromo usiokwisha. Kaka akaifungua tumbo. Akatoa vijibao viwili vyembamba, akavinusa, akamwonesha mama kimoja. "Memori hii imeungua. Imebaki moja, na moja haiwezi kubeba yote haya." Akauliza kila alikojua kwamba kunauzwa vitu vya namna hiyo, hakipatikani. Simu ya Maskati nayo haishiki, na ukibahatika kuipata unasikia sauti yako mwenyewe ikikurudia. Na wiki hiyo ndiyo ambayo baba alikuwa anangojewa kupasuliwa. Imeli za ami zilikuwa zinaingia huko zinakoingia na sisi hatuzioni.

Ijumaa, baada ya kula, nikakaa juu ya stuli yangu kama kawaida. Kaka aliwasha kompyuta, akangoja muda mrefu mpaka kikafunguka kidirisha cheusi cha kuandikia, akaanza kazi. Akiandika neno, anabonyeza, na kitu kimoja kinatoweka. Wa kwanza kuondoka ulikuwa mstari wa vitufe vya chini. Halafu saa. Halafu vijipicha, vyote kwa mpigo mmoja. Kila mara alikuwa akisoma tarakimu fulani, anatikisa kichwa, anaendelea. Mie nilikuwa nimeacha kupumua, maana nilishawahi kuyaona haya: kitanda, kabati, kiti.

"Kaka, na hiyo picha ya baba?"

"Nayo inatoka. Inakula memori bure."

"Unaipeleka wapi?"

"Haiendi kokote. Hebu ninyamazie, nnahesabu."

Akabonyeza, na baba akaondoka. Likabaki jivu, lenye vitone vidogo vidogo vyeusi na vyeupe vinavyotetema ukivikodolea macho, na ile eksi katikati, kama ile wanayochora kwenye nyumba zinazotaka kubomolewa. Kaka akapumua kwa raha, akajinyoosha mpaka kiti kikalia.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nnasafisha tu."

Wallahi! Maneno yale yale! Nikashuka kwenye stuli, nikaenda jikoni kwa mama. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mgongo wake kwangu. Nikasema, "Mama, baba hajambo?" Hakugeuka. "Hajambo, mwanangu. Nenda kacheze." Na sauti yake ilikuwa na maji ndani yake.

Kuanzia hapo nilikaa na hofu mchana kutwa kama mtu aliyevaa nguo mbichi. Chakula hakipiti. Skuli mwalimu ananiita sisikii, mpaka mwenzangu anifinye ndipo niseme naam. Nikirudi, kabla sijavua viatu, naingia chumbani kwa wazazi wangu kutazama kitanda cha baba kama bado kipo. Nilikishika mguu wake mmoja kwa mkono ili nihakikishe. Halafu nakwenda ukumbini kutazama picha ya harusi yao ukutani. Ipo. Halafu ndiyo naitazama kompyuta, ambayo mama alikuwa haifuniki tena na kitambaa chake cha lesi, kwa kuwa Kaka alikuwa nayo muda wote, anaandika kwenye kidirisha cheusi, maneno yasiyo na mwisho. Barua za ami zilianza kuingia tena, wananisomea hajambo, nami siamini. Sikumuuliza Kaka tena. Nilijua angenidanganya, na nilikuwa naogopa zaidi asije akaacha kunidanganya.

Halafu ikaja siku ile. Nilitoka chuoni baada ya alasiri, nikaingia uchochoroni kwetu, nikaviona viatu. Ndara na makubadhi, jozi juu ya jozi, vimejaa kizingitini mpaka nje. Ubani ulikuwa unatoka mlangoni. Nikanusa, nikatafuta ndani yake harufu ya karafumaiti, ile iliyokuwapo siku ya bibi, na kwa hofu niliyokuwa nayo nikaona kama naipata. Nikaingia. Kitanda cha baba na mama kilikuwa kimesimamishwa ukumbini, kimeegemezwa ukutani. Televisheni imefunikwa kanga. Chumba kitupu, majamvi yametandikwa, wanawake wamekaa bega kwa bega wamejitanda, wanasoma Yasini kwa sauti moja, na mama yangu yuko katikati yao, macho mekundu. Na kwa mlango wa pili, moja kwa moja mbele yangu, kompyuta ilikuwa inawaka jivu lake.

Nikapiga ukelele. "Baba kafa! Mmenificha! Baba kafa!"

Kisomo kikakatika. Bi Mwanakhamis akajipiga mapaja, "Astaghfirullahi! Weye mtoto weye! Unamchuria baba'ako, na leo ndiyo siku anayopasuliwa?"

Mama alinirukia akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Kilikuwa baridi. "Hiki kisomo, si kilio," akaniambia sikioni. "Twamwombea. Yu hai baba'ako. Yu hai. Usiseme tena neno hilo, mwanangu, tafadhali usiseme."

Ningefurahi, si ndiyo? Yu hai, mama mwenyewe kasema. Lakini wapi! Nyinyi mnajua uchuro ni nini. Mtoto akishika tama, anaambiwa atoe mikono, anamchuria mama yake. Akijifunika gubigubi mchana, anachuria. Na hao hawajasema neno, wameweka mikono vibaya tu. Mie nimelitamka lenyewe, mara mbili, mbele ya msahafu uliofunguliwa, saa ileile kifua cha baba kimefunuliwa huko Maskati na daktari ana kisu mkononi. Ile hofu ya kwanza ilikuwa kwamba baba kafa wananificha. Hii ya pili ilikuwa kwamba alikuwa hai mpaka nilipofungua mdomo.

Wanawake wakaanza Yasini upya, kwa sauti ya juu zaidi, kama wanaofukuza kitu. Kaka Nassor akaja kunichukua. Alinibeba kama gunia la karafuu, akanikalisha juu ya kiti chake mwenyewe, mbele ya kioo, akafunga mlango.

"Sasa niambie," akasema. "Humu umeona nini?"

"Hamna kitu. Umetoa vyombo. Umemtoa baba."

Alikitazama kioo, kisha akanitazama mie. Nadhani ndipo alipoelewa, maana na yeye alikuwapo siku ya bibi, alishika mguu mmoja wa kile kitanda. Akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu. "Loh! Ndivyo ulivyodhani? Siku zote hizi?" Kisha akanipa kile kidude cha kipanya nilichokatazwa kukigusa. "Kibonyeze. Pale patupu."

"Sitaki."

"Bonyeza, nami nnashika na wewe."

Mkono wake juu ya wangu, tukaisogeza ile eksi, tukabonyeza juu ya jivu. Ikachomoza orodha ndogo, pale pale palipokuwa hapana kitu, maneno ameyaweka mwenyewe kwa Kiswahili: Barua, Kazi, Hesabu, Baba.

"Umeona? Mashine nzima. Imepunguziwa mzigo tu. Mgonjwa akipanda ngazi humtwishi na gunia la mchele. Yale mapambo yote yalikuwa yanaielemea, nimeacha kitu kimoja tu cha kushika madirisha. Bila hicho, dirisha likifunguka huwezi hata kulisogeza. Vingine vipo ndani, ukivitaka unaviita."

"Na baba?"

"Mwite."

Nikabonyeza neno Baba kwa kidole changu mwenyewe. Lakini badala ya baba likaja dirisha jeupe, tupu. Kaka akakuna kichwa. Ile picha ya zamani, akasema, ilikuwa katika mafaili yaliyoharibika siku umeme uliporudi, nayo alipoiondoa haikufunguka tena; hapa alipatengeneza ili ami akileta nyingine iingie. Akachomeka waya wa simu, modemu ikakwaruza, ikashika. Hamna barua mpya. Nikatazama dirisha jeupe, nikajua ni kwa sababu yangu.

Kesho yake ami aliandika. Tulikuwa watatu mbele ya kioo: Kaka kwenye kiti, mama amesimama nyuma yake ameshikilia ukosi wa shati lake, na mie kwenye stuli. Barua ilikuwapo, lakini haikuwa na neno hata moja. Ilikuwa na picha tu.

"Mbona hakuandika?" mama akauliza. "Nassor, mbona Salum hakuandika?" Akarudi nyuma akakaa juu ya jamvi, kitako, kama mtu anayengoja aletewe maji. Hapo nikajua kwamba na yeye anaogopa kile ninachokiogopa mie, na kwamba anajua vilevile nilivyokuwa najua: habari mbaya kwetu haiandikwi.

Kaka akaifungua picha. Kompyuta na memori yake moja ilikuwa inajikongoja. Ikawa inaichora mstari baada ya mstari kutoka juu, polepole, diski inakoroma. Ukaja ukuta mweupe. Ikaja mipira ya maji inaning'inia. Zikaja nywele za baba, zenye mvi kuliko nilivyozijua. Likaja paji la uso. Yakaja macho, na macho yalikuwa yamefumba.

Hapo ikakwama.

Sijui ilikwama kwa muda gani, na sitaki kujua. Mama alisema, "Izime." Kaka akasema, "Ngoja, mama." "Nassor nakwambia izime, sitaki kumwona hivyo!" Mie nilikuwa nimeuma kidole changu mpaka pakatoka damu, na moyoni nilikuwa nalirudisha neno langu nyuma, nalimeza, nalimeza, nikimwambia Mungu kwamba sikulisema mie, lilisema mdomo. Diski ikakoroma. Ukaja mstari mmoja. Ukaja mwingine. Pua, na mpira umeingizwa ndani yake. Masharubu. Mdomo umefunga. Shingo. Bandeji nyeupe kifuani kote. Kisha, chini kabisa, ukaja mkono wa baba, na katika mkono kikombe kidogo cha kahawa, kimeinuliwa, kidole gumba kiko juu ya ukingo kama alivyokuwa akishika siku zote.

Kaka Nassor akaruka kwenye kiti. "Maiti hashiki kikombe!" akapiga kelele. "Mama! Njoo uone! Maiti hashiki kikombe!"

Kumbe taa ya kamera ilimpiga machoni akafumba, na ami kwa uvivu wake aliona picha inatosha. Mama alimchapa Kaka mgongoni kwa mikono miwili kwa kutamka neno maiti, akimchapa na kulia na kucheka, na mtandio wake umeanguka haujui ulipo. Mie nililala juu ya sakafu. Nililala tu, shavu kwenye sementi baridi, mpaka moyo wangu ukatulia.

Nilimwomba Kaka aitandaze picha ile kioo kizima, kama ya kwanza. Akakataa, mashine haiwezi kubeba. "Lakini haijaenda kokote. Bonyeza patupu, mwite, atakuja." Akanionesha na kile kitufe kirefu cha chini cha kibodi: ukikibonyeza, inakuja picha inayofuata. Nami nikawa nakibonyeza, na kwa kuwa picha ilikuwa moja tu, alikuwa anarudi baba yule yule na kikombe chake. Nikabonyeza tena, baba. Tena, baba.

"Unatafuta nini?" Kaka akanicheka.

"Natazama kama iko nyingine."

"Haipo nyingine. Ipo siku nitakutilia."

Baba alirudi, akaishi nasi miaka mingi, akapanda ngazi bila kusimama. Na yale maneno yakabaki kwetu. Mtu wa nyumba yetu akiumwa, hatumuulizi hali. Tunamuuliza, umeshika kikombe? Akijibu nimeshika, tunajua bado yupo yupo. Mama alikuwa hapendi, anasema uchuro, lakini alipokuwa mgonjwa mwenyewe alitujibu kwamba kashika, na kahawa yenyewe mmeitia maji mengi. Kaka Nassor akawa mtu wa kompyuta maisha yake yote, na zote alizokuwa nazo, hata mpya zenye nguvu, alizitoa vyombo vile vile zikabaki jivu. Watu wakimcheka, "Bwana we, hii yako mbona kama nyumba iliyohamwa?" naye hajibu, anabonyeza tu patupu.

Mie niliolewa Tanga, nikakaa huko. Wiki mbili kabla hajafa nilimpigia simu, sauti yake sikuipenda.

"Umeshika kikombe?" nikamuuliza.

"Nimeshika, dada'angu. Homa tu hii."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mara ya pili simu ilipigwa na Zuleikha, akaniambia kaka yako hali yake si nzuri, njoo. Nami bila kuambiwa zaidi nikakaa kitako, nikamwomba mwanangu aniletee maji.

Basi hapo ndipo nilipokuwa, juu ya jamvi, na jivu lake mapajani. Nikaogopa kama nilivyoogopa nikiwa na miaka minane, kwa sababu safari hii hakuna aliyenidanganya: vyombo vimetolewa na mtu kafa kweli. Nilitaka kuifunika nimrudishie. Lakini mkono una kumbukumbu zake. Nikapeleka ile eksi mahali patupu, nikabonyeza.

Barua. Kazi. Hesabu. Baba.

"Subhanallah," Zuleikha akanong'ona. "Kumbe vimo?"

Nikachagua la mwisho. Baba akaja mara moja, mzima mzima, si mstari kwa mstari, macho yamefumba na kikombe kimeinuliwa. Nikamtazama mpaka machozi yakanizuia. Na kwa mazoea tu, bila kutegemea kitu, nikabonyeza kitufe kirefu nirudishiwe baba yule yule.

Hakurudi baba. Alikuja Nassor, ile nyingine aliyosema ipo siku atanitilia. Amelala juu ya kitanda cha hospitali, mpira wa hewa puani, amekonda mpaka mifupa ya mashavu imetokeza. Macho ameyafumba kwa makusudi, ameyakaza kama mtoto anayecheza mwajificho, na pembe za mdomo zinashindwa kuzuia kicheko. Na mkononi, mbele ya kifua, ameinua kikombe kidogo cha kahawa, kidole gumba juu ya ukingo.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, katika nyumba ya msiba, hata wasomaji wakageuka na Zuleikha akanishika mkono kwa nguvu akidhani nimeingiwa na shetani. Sikuweza kumweleza. Nilikuwa nimekiweka kiganja juu ya kioo, juu ya kile kikombe, na nilikuwa nakilia na kukicheka.

"Muongo we," nikamwambia. "Muongo mkubwa we. Maiti hashiki kikombe."